Re: Nimependekezwa kwenye kamati ya mshikamano na vibarua wa mashambani, nikubali?

Ndugu, umeuliza kama kamati hii ya kujitolea ni cheo au mzigo. Ni kazi, tena nyingi haionekani: kupanga vikao, kusaka nauli za watu wa maandamano, kubishana juu ya maneno ya tamko usiku kucha, kumpigia simu aliyekosa vikao viwili ujue kama yu salama.

Kubwa zaidi, ninyi si wasemaji wa vibarua. Angalia Florida, Marekani. Wachuma nyanya wa Coalition of Immokalee Workers, umoja wa vibarua wa mashambani, ndio walioanzisha mgomo wa kususia Taco Bell, kampuni ya mikahawa iliyonunua nyanya za huko, mwaka 2001, wakidai senti moja zaidi kwa kila ratili ya nyanya. Wanafunzi na watu wa makanisa waliusambaza vyuoni na mitaani, lakini madai yalibaki ya wachumaji wenyewe, na kampuni ikakubali mwaka 2005. Kamati inayolainisha madai ili iwapendeze wafadhili imeshapotea njia (mimi hapo ningejiuzulu).

Uliza mapema muhula ni wa muda gani, nani anashika fedha, na kama vibarua wana kura. Wakizungukazunguka, usikubali kwanza.