Usifute Undertale Kabla Hujafika Kwenye Mvua

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiwa amefura. "Dada, ile gemu uliyoisifia nimeifuta. Yule mama nilikuwa nampunguza nguvu taratibu ili nije kumsamehe, ghafla pigo moja likammaliza. Nikarudi nilipokuwa nimesevu, safari hii nikamwacha hai. Halafu kile kiua kikaja kuniambia kinajua nilichofanya. Gemu gani inamsuta mtu? Hela yangu imeenda na maji."

Nilicheka kwanza. Kisha nikaudhika, maana ukiitukana Undertale mbele yangu ni kama umemtukana ndugu yangu wa tumbo moja. Nikaona badala ya kumjibu peke yake niandike hapa, kwa sababu najua wengi wenu mnaonifuata mnataka siku moja mtengeneze gemu zenu, na hii kwenu ni darasa.

Kwa asiyeijua: Undertale ilitoka Septemba 2015. Aliyeitengeneza ni Mmarekani mmoja, Toby Fox. Alisaidiwa michoro, hasa na Temmie Chang, lakini hadithi na muziki ni vyake mwenyewe. Mtoto anatumbukia chini ya mlima Ebott, kwenye ulimwengu wa mazimwi waliofungiwa huko baada ya kushindwa vita na binadamu. Anatafuta njia ya kutoka. Kila zimwi analokutana nalo anaweza kulipiga, au kuongea nalo, kulichekesha, kulipapasa likiwa mbwa, na mwisho kulisamehe. Unaweza kuimaliza gemu nzima bila kuua hata mmoja. Michoro yenyewe ni ya vidoti vidoti, ya kizamani. Mdogo wangu alipoiona alisema, "Hii si ya simu za kitochi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu. Wakati huo nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa Mbagala, na laptopu niliyokuwa nayo ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu kadhaa kabla yangu. Gemu kubwa zilikuwa haziwaki kabisa. Undertale inakula MB mia mbili hivi na haihitaji intaneti ukishaiweka. Nikawa nacheza kati ya mteja na mteja. Mtu anakuja kutoa elfu kumi, nainamisha kioo, namhesabia, namwambia asubiri meseji, akiondoka narudi kwa mazimwi wangu.

Sasa tumzungumze Toriel, yule mama.

Unapoanguka tu, kiua kinachotabasamu kinakulaghai na nusura kikuue. Anatokea mama mkubwa, masikio marefu, pembe fupi, sura kama mbuzi, anakifukuza na kukuchukua. Kuna sehemu sakafu imejaa miiba ya chuma. Hataki hata ujaribu, anakushika mkono na kukuvusha. Anakupa simu. Halafu anaanza kupiga. Anapiga kukuuliza kati ya mdalasini na ladha nyingine ya siagi na sukari unapenda ipi. Unamjibu, anakata. Hatua chache mbele anapiga tena: hiyo nyingine je, huichukii? Ukiikuta kwenye sahani utaila? Kumbe anakuokea pai.

Nilisimama kucheza. Mimi nimelelewa na mama mdogo, Korogwe. Nilipokuja Dar alikuwa akipiga simu saa sita mchana kuuliza nimekula nini, halafu saa sita na robo kuuliza kama hicho nilichokula kilikuwa na chumvi ya kutosha. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wanacheka. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu Marekani angeweza kukaa akaweka simu za mama mdogo wangu ndani ya gemu.

Na kama mama mdogo, Toriel hataki uondoke. Unamuuliza njia ya kutoka, anabadilisha mada, anataka kukusomea kitabu kuhusu konokono. Ukizidi kumsumbua anashuka chini kwenda kuubomoa mlango wa kutokea, maana watoto wote waliopita pale kabla yako walitoka wakauawa. Ukitaka kupita, upite juu yake. Mapigano yanaanza. Ongea naye: haisaidii. Kitufe cha huruma: hakifanyi kitu. Hapo ndipo wengi wanasema basi, gemu inataka nimpige.

Mimi sikumpiga, na nasema kwa kujisifu kabisa. Sikuwa na akili ya ziada wala sikuwa nimesoma popote. Nilishindwa tu kumwinulia mkono mama aliyenipikia. Nikawa nakwepa moto wake na kubonyeza huruma. Tena. Tena. Nikagundua maneno yake yanabadilika kidogo kila nikibonyeza. Ananiuliza nafanya nini. Ananiambia nipigane au nikimbie. Ananiambia niache kumtazama hivyo. Nikaona jambo jingine: uhai wangu ulipobaki kidogo, moto wake ukaanza kunikwepa wenyewe, unapinda pembeni. Alikuwa anajizuia asiniue. Ukibonyeza zaidi ya mara ishirini anaishiwa maneno, anakukumbatia, anakuomba ukitoka usirudi. Ukimpigia baada ya hapo, hapokei.

Mteja aliyekuwa dirishani aliniuliza kama nimefiwa.

Basi ushauri wangu wa kwanza kwa mliokwama hapo: vumilia. Kitu kikikataa mara tano, kijaribu mara ya sita. Gemu nyingi zimetuzoesha kwamba kitufe kisichofanya kazi mara moja ni kibovu. Hapa kitufe kinafanya kazi, kinakupima tu wewe.

Na wewe uliyesutwa na kiua, mbona umeachia hapo patamu? Gemu zote tulizokulia nazo zinakufundisha kwamba kusevu ni kufuta. Umefanya unyama, rudi nyuma, hakuna aliyeona. Undertale imekataa. Kiua kinakumbuka kwa sababu aliyeitengeneza alitaka ujue kuwa wewe mchezaji unakumbuka. Tena kuifuta hakujakusaidia kitu: ukiiondoa gemu kwenye Windows, faili lake la kumbukumbu linabaki kwenye folda yake ndani ya kompyuta. Irudishe, utaendelea ulipoishia, na kiua kitakuwa kinakujua vilevile. Pokea aibu yako utembee nayo. Theluji iko mbele, na Papyrus yuko mbele, zimwi la mifupa linalojiona jemadari na haliwezi hata kupika tambi.

Ushauri wa pili ni ule ule: vumilia, na ufanye mambo yasiyo na faida. Kuna mzuka mmoja mnyonge, Napstablook, mwenye haya kupita kiasi. Ukienda nyumbani kwake atakukaribisha mkate wa kizuka ambao meno yako hayawezi kuushika, halafu atakwambia kwamba baada ya kula yeye hupenda kulala sakafuni na kujihisi takataka. Mnalala wote wawili. Ukuta unapotea, nyota zinajaa kwenye kioo, muziki unapiga. Mtalala hivyo mpaka utakapogusa kitufe cha kusogea. Hakuna pointi. Mimi nililala pale hadi laptopu ikaanza kulia kwamba chaji inaisha, na umeme ulikuwa umekatika.

Halafu mvua. Uko kwenye eneo la Waterfall, ambako kila kitu ni bluu na maji, na unakuta sanamu imekaa peke yake, maji yanaidondokea kichwani. Unapita. Chumba kinachofuata kuna pipa la miavuli. Ukichukua mmoja ni kwa ajili yako, mvua iko mbele. Lakini ukirudi nyuma na mwavuli ule ukaiwekea sanamu, maji yanaacha kuigonga, na ndani yake kunaanza kulia muziki kama wa kijisanduku. Wimbo huo utakuja kuusikia tena mwisho wa gemu ukiimaliza bila kuua, na hapo ndipo utajua unamhusu nani. Sisemi zaidi. Nasema tu kwamba hakuna aliyekutuma urudi, na wanaorudi ni wale waliozoea kuangalia nyuma. Mwenzangu wa kibanda cha jirani alinicheka: "Unamfunika jiwe?" Ndiyo, namfunika jiwe, wewe hesabu chenji yako.

Hili la jiwe lina kidonda chake. Mwaka jana nilipeleka gemu yangu ndogo kwenye shindano moja la vijana wa teknolojia. Inamhusu konda wa daladala anayemtafuta abiria aliyeshuka akasahau chenji yake, siku nzima, kituo kwa kituo, akiuliza watu. Niliitengeneza usiku, baada ya kufunga hesabu. Jaji mmoja aliifungua, akabonyeza mara mbili tatu, akauliza, "Sasa hapa mchezaji anashinda vipi? Mapigano yako wapi?" Nikamweleza. Akaangalia saa. Zawadi ikaenda kwa gemu ya bodaboda zinazogongana. Sina neno na bodaboda, na kijana mwenyewe ana kipaji. Ila lile jicho la saa sijalisahau.

Kwa hiyo nisikilizeni, nyie mnaoniandikia kwamba mnasubiri kompyuta kubwa, mnasubiri mfadhili, mnasubiri timu. Toby Fox mwaka 2013 aliomba watu wamchangie dola 5,000 mtandaoni. Alipata 51,124, lakini aliomba 5,000, na kabla ya kuomba alikuwa ameshatengeneza kipande watu wakakicheza, chenye Toriel ndani. Programu aliyotumia, GameMaker, hata wewe unaweza kuipata. Mwaka 2016 YouTuba mmoja Mmarekani, Matthew Patrick, alipokutana na Papa Fransisko, zawadi aliyompelekea ni Undertale. Vidoti vile vile alivyocheka mdogo wangu vikaingia Vatikani. Acheni kuogopa majaji. Andika simu moja ya mama yako ndani ya gemu yako kabla hujachora upanga.

Na mnunue. Najua flashi zinazozunguka, najua nani anauza mitaani gemu mia kwa elfu tano. Undertale kwenye Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ni dola 9.99 na mara kwa mara inapunguzwa bei. Kadi ya mtandaoni unaitengeneza kwenye simu yako hapo ulipo. Huwezi kutaka gemu yako inunuliwe wakati za wenzako unazichota.

Kiingereza chake kisiwatishe. Utani mwingi wa Sans, ndugu yake Papyrus, ni wa kuchezea maneno, na mwingine nilikuja kuuelewa nikiwa kwenye foleni ya benki, nikacheka peke yangu. Yanayobaki yote ni maneno mafupi, na hakuna saa inayokukimbiza unaposoma. Lakini msiangalie video za watu kabla hamjamaliza wenyewe. Nimesema, vumilieni.

Mimi sasa niko kwenye Deltarune, gemu yake nyingine. Sura ya tatu na ya nne zilitoka Juni 2025 na bado zinanisumbua. Kwa hiyo sina muda wa kujibu mmoja mmoja maswali ya Undyne, yule mwenye mikuki, ambayo yameujaza mwezi wangu mzima. Jibu lenu wote ni moja. Kwenye mapigano wewe ni kile kimoyo chekundu, na yeye hukigeuza kijani usiweze kukimbia. Moyo wako ukirudi kuwa mwekundu, kimbia, usigeuke. Akikufukuza mpaka kule kwenye joto, na deraya yake ile nzito, ataanguka mwenyewe. Pembeni pale kuna mtungi wa maji na vikombe. Chota kimoja umpelekee.