Dawa nilizojinunulia baada ya kuumia kazini: nani atanirudishia hela?

Pole sana ndugu. Umeumia mkono kiwandani, dawa ulizoandikiwa umejinunulia, na mwajiri anakwambia usubiri. Usisubiri. Kwa Tanzania Bara, matibabu ya ajali ya kazini, dawa zikiwemo, ni mzigo wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na mchango wake hulipwa na mwajiri, si wewe. Hakikisha ametoa taarifa WCF. Akizungusha, nenda mwenyewe ofisi za WCF.

Tunza cheti cha daktari na risiti za EFD (zile za mashine ya kielektroniki ya kodi). Zipige picha leo, maandishi yake hufutika haraka! Mimi nilikwama kwa risiti isiyotaja dawa.

Na tafadhali, usipunguze dozi kwa kukosa hela, mwambie daktari.