Mradi umehama anwani: je, alama zangu zitapotea?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la kuchapa na kutoa nakala hapa Ngamiani, Tanga. Wateja wakipungua, kompyuta zangu mbili hufanya hesabu za mradi mmoja wa utafiti kupitia BOINC, programu ya kujitolea nguvu za kompyuta kwa watafiti, nami huhesabiwa alama kwa kazi iliyofanyika. Sasa programu inaniambia kuwa anwani ya mradi niliyoiweka si sahihi, na kwamba niuondoe kisha niuongeze kwa anwani mpya. Mbona nikifungua tovuti ya zamani napelekwa kwenye mpya bila shida? Na nikiuondoa, alama zangu zitasalimika? — Msomaji, Ngamiani.

JIBU: Ndugu msomaji, hama, ila usihame leo. Kivinjari kikielekezwa kwingine hufuata tu, lakini BOINC, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huutambua mradi kwa anwani yake, kiasi kwamba hata folda ya mafaili yake kwenye kompyuta yako imepewa jina la anwani hiyo. Ndiyo maana ukiongeza anwani mpya bila kuondoa ya zamani, programu itaona miradi miwili na kuigawia muda wa prosesa.

Alama zako haziko dukani kwako. Zimo kwenye seva ya mradi, chini ya akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe yako. Maadamu wenye mradi wamehama na kumbukumbu zao, ingia kwa barua pepe na nywila zile zile, wala usifungue akaunti nyingine.

Kinachopotea ni kazi iliyo mkononi. Ukiuondoa mradi wakati hesabu imefika asilimia 90, hesabu hiyo hutupwa, na umeme wa LUKU ulioitumikia umekwenda bure. Kwa hiyo kwanza uzuie mradi usipokee kazi mpya, ziache zilizopo ziishe, kisha bonyeza kitufe cha kusasisha mpaka orodha ya kazi iwe tupu, kwa sababu kazi iliyokamilika huweza kukaa ikisubiri kuripotiwa. Hapo ndipo uuondoe na kuuongeza upya, ukiwa na bando la kutosha, maana mafaili yote yatapakuliwa tena kwa kila kompyuta. Ikiwa miradi yako inasimamiwa na huduma ya nje ya kusimamia akaunti za BOINC, badilisha huko, la sivyo itakurudishia ulichokiondoa.

Jambo moja wengi hulipuuza, nami naliona kubwa kuliko alama: mradi wa namna hii huleta programu zinazoendeshwa ndani ya mashine yako. BOINC hukagua sahihi ya kidijitali ya programu hizo, lakini ufunguo wa kukagulia hutoka kwa mradi wenyewe, hivyo mradi bandia utakuja na ufunguo wake na kupita. Nakili anwani iliyo kwenye ujumbe wa programu, herufi kwa herufi, pamoja na ile «s» ya https. Usitumie kiungo kilichosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mpangilio wa kufanya kazi pasipo wateja, ikiwa uliuweka ndani ya programu kwenye kila kompyuta, hauguswi na uhamisho huu.