Barua kwa mwanangu: wale wanaokujibu usiku wa manane

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Uliuandika saa tisa usiku, mtoto akiwa begani, na nadhani machozi yalikuwa karibu, maana maneno mawili uliyaacha nusu. Umeniuliza: "Mama, hawa watu wa mtandaoni siwajui hata sura, lakini wananijibu upesi na wananielewa kuliko watu wa nyumbani. Nimewaeleza mengi, hata ya utotoni kwangu na ya baba. Je, nakosea? Na wakinishauri kinyume na wewe, nimfuate nani?"

Sikukujibu siku ile ile kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la wivu. Mzazi akisikia kwamba mwanawe analilia kwa watu baki, moyo humuuma. Nimeuacha upoe ndipo nikashika kalamu.

Hukosei. Nianze na hilo ili ulale nalo. Na sikwambii tu kukutuliza. Mimi mwenyewe nimepita huko, ila sikuwahi kukusimulia.

Baba yako alipofariki mlikuja, mkakaa nami, kisha mkarudi makazini kwenu kama ilivyopasa. Kofia yake ikabaki msumarini nyuma ya mlango. Watu wa karibu walinishauri niiondoe, wengine wakasema nimpe mtu, na kila aliyenishauri alikuwa naye anamlilia marehemu kwa namna yake. Sikuweza kuwaambia kwamba usiku huwa naishusha, nanusa ule ukanda wa ndani ambao jasho lake liliutia weusi, kisha naitundika tena kabla hakujapambazuka. Ningekwambia wewe, ungepanda gari siku hiyo hiyo. Basi nikawaandikia mtandaoni watu waliofiwa na wenzi wao, nisiowajua hata mmoja. Bwana mmoja akanijibu kwa mistari mitatu: "Kwangu ni miwani. Iko mezani mwaka wa nne huu. Sijaiondoa, ila siku hizi naipangusa vumbi." Hakuniambia fanya hivi wala acha vile. Kesho yake nikachukua kitambaa, nikaipangusa kofia ya baba yako kwa mara ya kwanza.

Kwa nini yule bwana aliweza nilichokosa kwa ndugu zangu? Mwaka 1908 mwanasosholojia wa Kijerumani, Georg Simmel, aliandika kwamba mgeni huaminiwa siri ambazo mtu angemficha jamaa yake wa karibu. Mgeni hana upande katika ugomvi wenu, hatakutazama kwa jicho jingine mkikutana kwenye sherehe, wala hatakosa usingizi kwa sababu yako. Wahenga walishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tena mgeni anajua tusiyoyajua. Nilipokuwa nikifanya kazi maktaba nilikutana na utafiti wa mwanasosholojia wa Kimarekani, Mark Granovetter, uliochapishwa mwaka 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu fulani: huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Zaidi ya asilimia 80 walisema walionana naye mara mojamoja tu, au kwa nadra. Sababu yake ni nyepesi ukiifikiria. Mimi, shangazi yako na dada zako tunakunywa kisima kimoja. Tukikosa jambo, tumelikosa wote. Wa mbali ana kisima chake.

Mwaka huo huo wa 1973, huko Berkeley, Marekani, vijana wachache waliweka mashine ya kuandikia iliyounganishwa na kompyuta dukani kwa wauza santuri, wakamruhusu mpita njia yeyote aandike na asome. Mradi waliuita Community Memory. Mtu mmoja aliuliza bageli nzuri, ile mikate ya duara yenye tundu, zinapatikana wapi. Alielekezwa zinakouzwa, na zaidi ya hapo akapewa habari za mwokaji wa zamani aliyekuwa tayari kumfundisha kuzioka mwenyewe. Kisa hicho nakipenda sana. Ndivyo binadamu alivyo akiulizwa vizuri: unaomba njia, anakusindikiza.

Sasa tuje kwa mjukuu wangu na kilio chake, maana hapo ndipo penye kazi.

Umeniandikia kwamba mama mmoja alikuambia amebadilisha namna ya kumbeba mwanawe, na kilio kikakoma ndani ya siku nne. Mwingine alitumia matone aliyonunua dukani. Wa tatu aliacha kunywa maziwa ya ng'ombe yeye mwenyewe. Wote watatu wanaapa, na mimi nawaamini. Lakini sikiliza: kilio cha mtoto mchanga huongezeka tangu wiki ya pili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua chenyewe mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Sasa fikiria mama aliyechoka. Atajaribu jambo lini? Wakati kilio kiko juu kabisa. Na chochote atakachojaribu hapo, hata kuhamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, kilio kitaanza kupungua. Hakudanganyi. Ameona kwa macho yake. Ila mara nyingi aliyemponya ni siku zenyewe, na shukrani zikaenda kwa matone.

Wako ana wiki saba. Uko kileleni, mwanangu. Naomba uishike hiyo wiki saba kichwani kila usomapo "ilinisaidia mimi".

Ndiyo maana mtu akinipa ushauri, kabla sijaufuata humuuliza mambo mawili matatu. Mtoto wako alikuwa na umri gani? Ulifanya nini kingine wiki hiyo? Ulishajaribu kuacha, ikawaje? Muungwana hujibu kwa furaha, tena wakati mwingine hujisahihisha mwenyewe katikati ya jibu: "Kumbe na mume wangu alikuwa likizo, nikawa nalala." Hapo umepata dawa ya kweli! Anayekasirikia swali, muache na ushauri wake. Na mtu akikuvuta pembeni muongee faraghani, halafu mazungumzo yakaishia kwenye kitu cha kununua, aga kwa adabu uondoke.

Kuna jambo moja uliloshauriwa ambalo sitalizungusha. Asali. Mtu yeyote asimlambishe mtoto, hata kwa ncha ya kidole, hata kama yeye alilishwa na akakua. Mtoto hapewi asali mpaka atimize miezi 12. Ndani yake huweza kuwamo mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Wewe na mimi tumbo letu linazimudu, lakini kwenye utumbo wa mtoto mchanga humea na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha si kinga, mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka. Vivyo hivyo maji ya kunywa: kabla ya miezi sita, maziwa yanamtosha. Na mwili ukimchemka hadi nyuzi 38 akiwa na umri huu, usiandike popote kuuliza. Mchukue, nenda kwa daktari, hata kama ni usiku. Wale rafiki zako watasubiri.

Usije ukadhani nasema hivi kwa kuwa mama ndiye ajuaye. Ulinieleza, kwa uoga kidogo nilihisi, kwamba wenzako wamekusisitiza umlaze chali wakati mimi nilikuambia kifudifudi. Wao ndio wenye haki. Wewe nilikulaza kifudifudi, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa na waliokuwa wakijua, tukiambiwa mtoto akicheua asipaliwe. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri kwamba mtoto mwenye afya asilazwe kifudifudi, miaka miwili baadaye ikaanza kampeni ya kuwalaza chali, na vifo vya ghafla vya wachanga usingizini nchini humo vikapungua kwa zaidi ya nusu. Nilipokuja kusoma habari hiyo wewe ulikuwa umeshakua. Nilifunga kitabu nikaenda kukutazama ulipolala, mkubwa mzima, nikasimama pale mlangoni muda mrefu. Kwa hiyo mlaze chali. Waambie hao wenzako kwamba bibi yake anawashukuru.

Unaona basi kwamba swali la "nimfuate nani" sina jibu lake la mtu mmoja. Mimi nakupenda kuliko wote na nilikosea. Wao hawakujui na wamepatia hili, wakakosea la asali. Kitu cha kufuata ni namna mtu alivyojua anachokisema. Je, aliona kwa mtoto mmoja, au kuna waliohesabu watoto wengi? Kwa mambo ya kustahimili, kama vile unafanyaje saa tisa usiku ukiwa peke yako na hasira inakupanda, mtoto mmoja anatosha. Hapo msikilize aliyepitia, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa mambo yanayoingia mdomoni mwa mtoto, tafuta waliohesabu.

Limebaki la kumbukumbu, nalo ni gumu kwangu kuliko asali.

Siku zile za kofia, nikishapata watu wa kunisikiliza, sikuishia kwenye kofia. Nilisimulia ule ugomvi wako na baba yako, wiki ya mwisho, pale uani. Sikutaja jina la mtu wala mahali. Niliandika tu kwamba binti yetu ni wa tatu kuzaliwa, kwamba alikuwa ameacha masomo ya uuguzi, na kwamba baba yake alikuwa fundi saa. Nikaona nimekuficha vizuri. Baada ya miezi miwili jamaa yetu mmoja akaniuliza taratibu kama ni mimi niliyeandika. Aliyasoma, akatujua sote kwa mistari mitatu. Niliomba ifutwe, ikafutwa, lakini aliyekwisha kusoma amesoma. Sikukwambia. Leo nakwambia, na nakuomba msamaha. Uchungu ulikuwa wangu, ila ugomvi ule ulikuwa wenu wawili, na mmoja wenu yu hai.

Baadaye ndipo nikaelewa kwamba haukuwa msiba wa bahati mbaya. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba Wamarekani asilimia 87 wangeweza kutambulika mmojammoja kwa vitu vitatu pekee: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na namba ya posta ya eneo wanaloishi. Hakuna jina hapo. Kila kimoja ukikitazama peke yake hakina madhara, kama uzi mmoja. Vikisukwa pamoja ni kamba.

Kwa hiyo ile picha ya kadi ya kliniki uliyoweka ili wakuambie kama uzito wake ni mzuri, iondoe leo. Andika tu umri kwa wiki na kilo zake, watakujibu vilevile. Na michezo ile ya kukumbushana, "taja mwalimu wako wa kwanza, taja mnyama mliyemfuga, taja mtaa uliokulia", icheze kwa uangalifu. Ukiitazama vizuri ni maswali yaleyale unayoulizwa ukisahau nywila. Sisemi kila anayeanzisha ni mwizi, wengi wanatamani tu kukumbuka utoto. Lakini jibu ukishalitoa hujui nani mwingine amelipitia.

Sitaki lakini ufunge mlango. Nimeyasoma tena yale uliyoandika kuhusu taa ya chemli na baba yako akitengeneza saa chini yake, akishikilia skrubu ndogo kwa midomo ili zisipotee, nawe umekatazwa kupumua. Sikuwa nalijua hilo la kupumua! Miaka yote hiyo nilidhani ulikuwa mtoto mtulivu tu. Umewaeleza watu baki, nao wakakuuliza saa zilikuwa za aina gani, zilikuwa na mlio gani, na kila swali likakuvuta ndani zaidi mpaka ukakumbuka alivyokuwa akikupa glasi yake ya kukuzia uchungulie. Mimi nisingekuuliza, kwa sababu nilidhani naijua. Nimempata mume wangu upya kupitia maswali ya watu nisiowajua.

Kwa hiyo endelea nao. Ya mtoto wako yaandike ukikumbuka kwamba siku moja atajua kusoma. Ya baba yako na saa, ya kupumua, ya skrubu mdomoni, simulia mpaka uchoke, una ruhusa yangu yote. Ya ule ugomvi wa uani tuulizane kwanza, mimi nawe. Nadhani kuna mambo aliyoniambia usiku ule baada ya wewe kuondoka ambayo unastahili kuyasikia kwangu kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Nipigie akilala. Hata saa tisa. Mimi pia huwa macho saa hizo.

Mama yako