Kichwangomba na shingo inayouma

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ameingia timu ya washangiliaji (wanaofanya sarakasi kushangilia michezo) shuleni kwao, hapa Columbus, Ohio. Akipiga kichwangomba cha mbele anaishia kukaa kitako, hainuki, na shingo inamuuma. Anakosea wapi? – Mama Zuwena

JIBU: Marahaba, Mama Zuwena. Nianze na shingo, maana hapo sina mzaha: kama inauma hata sasa, apumzike, umpeleke kwa daktari kwanza.

Utosi haupaswi kugusa mkeka kabisa. Achuchumae, viganja chini kwa upana wa mabega, kidevu kifuani. Mimi huwaambia watoto watazame kitovu. Kisha ainue makalio juu kuliko kichwa na asukume kwa miguu. Mikono ndiyo ibebe uzito mpaka sehemu ya juu ya mgongo itue, mgongo wenyewe ukiwa wa mviringo. Wengi huacha makalio chini, ndiyo maana huangukia kichwa.

Kukwama kitako ni kwa sababu miguu inanyooka mapema. Visigino vibaki karibu na makalio, mikono inyooshwe mbele, asimame bila kushika chini. Mkeka wa mteremko husaidia sana.

Kichwangomba cha kurukia, yaani kuruka hewani kabla mikono haijagusa chini, asijaribu. Mashindano ya washangiliaji ya Marekani yanayopangwa kwa ngazi hayakiruhusu ngazi ya 1, ile ya wanaoanza.