Mlio wa difu ya nyuma: si lazima kununua difu nzima

Ndugu, umeuliza kama mlio wa difu ya nyuma (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya nyuma) kwenye gari lako la kifahari la miaka 15 unamaanisha ununue difu nzima, kama fundi alivyokuambia. Kabla ya kukubali, usikilize kwa makini: ukibadilika unapokanyaga mafuta na unapoachia, shaka iende kwenye meno ya krauni na pinieni, yaani gia kubwa na ndogo zinazoshikana ndani ya difu; ukiwa mngurumo unaopanda na mwendo tu, beringi ndizo za kukaguliwa kwanza, nazo hubadilishwa bila kuitupa difu. Kisha mwaga oili. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili ni la kawaida, vipande si vya kawaida.

Malalamiko mengi ya wenye magari haya huanzia kwenye sili (mpira wa kuzuia oili isitoke) inayovuja polepole na oili inayoitwa ya maisha yote, yaani isiyohitaji kubadilishwa, dai ambalo silikubali hata kidogo, kwa sababu meno ya krauni na pinieni husuguana kwa kuteleza na huichosha oili. Ukilazimika kununua difu iliyotumika, hakikisha uwiano wake wa meno ni uleule wa zamani, la sivyo, kama gari lako husukumwa na magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma zitavutana.