Kamera huko mbali: maswali yenu kuhusu Natron, Turkana na Chalbi

Makala ya mwezi uliopita kuhusu barabara ya Mto wa Mbu hadi Engare Sero, kule Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, imeleta maswali mengi. Karibu yote ni ya picha na video, machache ni ya nauli (nauli ulizeni stendi, hubadilika kila mafuta yakipanda). Nimechagua haya.

Shikamoo. Ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, sina kamera, nina simu ya kawaida tu. Inafaa kwa mandhari au nisubiri nipate kazi?

Marahaba mwanangu. Usisubiri. Simu yoyote ya miaka ya karibuni inatosha kwa mlima, ziwa na anga, maana vitu hivyo havikimbii. Inashindwa kwa vitu vya mbali na gizani. Kwa hiyo acha kuvuta picha kwa vidole viwili: simu inakata kipande cha picha na kukikuza, basi, ndiyo maana flamingo wako wanatoka madoa matupu. Sogea kwa miguu, au kubali kwamba ndege watakuwa wadogo na mlima mkubwa.

Kabla ya kila picha futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba, kwani mafuta ya kidole ndiyo yanayoleta ule ukungu kuzunguka jua. Kisha bonyeza na ushikilie sehemu ya anga yenye mwanga mkali mpaka simu ifunge mwangaza, halafu upunguze kidogo kwa kuteremsha kidole. Ardhi itakuwa na giza kiasi. Giza hilo utalifungua ukihariri, lakini anga iliyoungua ikawa nyeupe hairudi tena.

Kwa video, chukua soksi safi, ijaze maharage kilo moja, funga fundo. Iweke juu ya jiwe au boneti ya gari (injini imezimwa), kandamiza simu juu yake mpaka ijichimbie. Inatulia kuliko stendi nyingi za bei rahisi, na mwisho wa safari unayapika.

Picha zangu zote za Natron ni nyeupe-nyeupe, mlima hauonekani. Nilifika saa saba mchana. Tatizo ni kamera? (Fundi umeme, Moshi)

Tatizo ni saa saba.

Karibu na ikweta jua halipandi kimshazari, linapanda wima. Kila saa linapanda takriban nyuzi 15, kwa hiyo ule mwanga wa chini unaochora kila tuta na kila ufa unaupata kama dakika 40 asubuhi na 40 jioni. Kaskazini mwa Norway wakati wa kiangazi wanaupata kwa saa kadhaa, na ndiyo maana ushauri mwingi wa mtandaoni, ulioandikwa na watu wa huko, unatuponza huku. Mchana jua liko utosini, vivuli vimeingia chini ya vitu, na mwanga unarudi tena kutoka kwenye magadi meupe. Mlima unafifia nyuma ya vumbi.

Natron ina jambo lake jingine. Ukuta wa Bonde la Ufa uko magharibi, hivyo jioni jua linapotea nyuma ya ukuta mapema kuliko simu yako inavyosema. Wageni hupanga viti vyao kungoja machweo na kujikuta kivulini muda mrefu kabla. Asubuhi ndiyo yako. Jua huchomoza karibu saa 12:30, upande wa mlima Gelai, na kugusa kwanza kilele cha volkano ya Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, wewe ukiwa bado unatetemeka huko chini. Kisha mwanga unateremka kwenye makorongo ya ubavuni, moja baada ya jingine, na kila dakika mlima ni mwingine. Uwe umeshasimama mahali pako saa 11:45 alfajiri, sehemu moja, usihame. Anayekimbia huku na huko wakati huo anarudi na picha nyingi za mwanga uliokwisha kupita.

Na weupe wa kileleni si theluji. Lengai hutoa lava ya kaboneti yenye sodiamu nyingi, ya nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, wakati lava tulizozoea kusikia hupita 1,000. Ikitoka ni nyeusi kama oili chafu, na ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi. Kwa hiyo usiiongezee ubluu kwenye programu ili ifanane na Kilimanjaro. Nimeziona picha hizo.

Eti maji ya Natron yanageuza ndege kuwa mawe? (Kidato cha tatu, Iringa)

Hapana. Picha zilizovuma mwaka 2013 ni za Nick Brandt, Mwingereza, aliyeokota ndege na popo waliokwisha kufa na kukaushwa na magadi, akawapanga wakae kama wazima. Mwenyewe alieleza alivyofanya. Waliosambaza ndio waliokata maelezo.

Assalaam alaikum. Naishi Muscat, narudi nyumbani Desemba na droni yangu ndogo. Nataka ile rangi nyekundu ya Natron kutoka juu. Nije nayo?

Waalaikum salaam. Kweli nyekundu ile ni ya kutoka angani. Ukisimama ufukweni unaona zaidi kijivu na waridi. Inaletwa na vijidudu vinavyopenda chumvi, ambavyo huzidi kiangazi maji yanapopungua, kwa hiyo Desemba, mvua za vuli zikiwa zimenyesha, unaweza kuikosa hata ukiwa juu.

Droni Tanzania ni kibali kwanza, na udogo wake haukusamehe. Anzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli, na ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku bila ruhusa maalumu. Omba ukiwa huko huko Muscat, kabla ya kukata tiketi, maana droni isiyo na karatasi huishia forodhani. Kenya nako ni vivyo hivyo, kupitia mamlaka yao ya anga, KCAA. Atakayekuambia "porini nani atakuona" hatakuwepo siku ya kuhojiwa.

Na hata ukipata kibali, kaa mbali na flamingo. Jozi moja hutaga yai moja tu. Mwaka 2021 huko Bolsa Chica, California, droni ilianguka karibu na viota vya ndege wa baharini, kundi zima likaruka na kuacha mayai yapatayo 1,500. Hatari ya Natron ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna ziwa jingine Afrika Mashariki ambako flamingo wadogo huzaliana kwa kawaida. Ziwa kutoka juu unaweza kulipata bila mota: kona za juu za barabara inayopanda ukuta kuelekea Loliondo zinakupa ziwa, Lengai na Gelai.

Nilielekeza kamera mlimani, kijana akaja kudai pesa. Kwani mlima ni wake? (Mhasibu, Nairobi)

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Tunaita "mandhari tupu" mahali ambapo watu wanachunga, wanazika wazee wao na wanapanda kuomba mvua. Lengai kwa Wamaasai ni mlima wa Mungu. Wewe umefika na gari jana.

Sasa tutenganishe. Kama kijana au ng'ombe wake walikuwa ndani ya picha, alikuwa na haki ya kuulizwa kwanza, na akitaka malipo mnaelewana au unashusha kamera. Kama ni mlima peke yake, umeshalipa mageti yote na risiti unazo, hulazimiki kumlipa mtu wa pembeni. Lakini mgogoro wenyewe ni rahisi kuuepuka: chukua mwongozaji wa kijiji. Atajua boma gani lina msiba, mzee gani hapendi kamera, na mtoto huyu ni wa nani, kwa sababu mtoto anaombewa ruhusa kwa mzazi, hata kama amejipanga mwenyewe mbele ya lenzi akicheka. Kamera ibaki mfukoni mpaka salamu ziishe, na salamu za huko si za kukata. Sema pia picha inakwenda wapi. Kuna mtu atakubali uwe nayo wewe, asikubali uiweke mtandaoni.

Ukiwa hapo, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizoganda kwenye majivu ya volkano kule Engare Sero, za maelfu ya miaka. Piga picha ukiwa pembeni, jua likiwa chini ili kivuli kijaze unyayo. Usiweke mguu wako ndani "kulinganisha". Naona watu wanafanya hivyo.

Nimetoka Ziwa Turkana na video za saa nyingi, mama watoto anasinzia dakika ya pili. Nikate wapi? (Baba, Eldoret)

Kwanza sikiliza hizo video ukiwa umefumba macho. Nina hakika ni mngurumo mtupu. Upepo wa upande ule ndio uliofanya mitambo 365 ya umeme isimikwe karibu na Loiyangalani, na maikrofoni ya simu haiuwezi. Kinga kamera kwa ubavu wa gari, funika tundu la maikrofoni kwa kipande cha sponji, na bora zaidi rekodi sauti peke yake mahali penye utulivu. Ndani ya nyumba ya makuti ya mkoma, kama zile za Waelmolo, wavuvi wa ziwa hilo, upepo ule ule unapita kwenye makuti na unasikika vizuri ajabu. Dakika mbili za sauti hiyo zitabeba video yako nzima.

Kisha tafuta vipande ambavyo kamera imetulia sekunde kumi bila kugeuzwa. Pengine ni vichache. Anza navyo, na ile mizunguko ya kushoto-kulia kutoka dirishani mwa gari itupe. Safari ijayo, kila mahali chukua ya mbali, ya kati, na ya karibu kabisa: ziwa, mashua, vidole vya mvuvi vinavyofungua wavu. Na kumbuka nafasi: video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 45 kwa saa.

Betri na vumbi? (Wengi)

Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (kipimo wanachoangalia watu wa ndege), inaruhusiwa kwenye ndege, lakini kwenye mkoba wa mkononi. Usiku wa baridi mlimani lala na betri ndani ya blanketi. Usibadilishe lenzi kwenye upepo wa magadi, na miguu ya stendi ikigusa maji ya ziwa ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, maana maji ya magadi huiharibu.

Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, niende mwezi gani? (Dereva wa lori, Mombasa)

Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Mvua ikinyesha, jangwa lile linakuwa ziwa la tope na gari linazama mpaka ekseli. Nendeni magari mawili, na mmoja wa madereva awe anaijua njia ya kijiji cha Kalacha, kwani alama za matairi hufutwa na upepo. Na huku kanuni yangu ya mchana inavunjika: saa saba ndiyo saa ya mazigazi, msafara wa ngamia wa Wagabra, wafugaji wa huko, unaonekana ukielea juu ya maji yasiyokuwepo. Tumia lenzi ndefu, simama kwenye kivuli cha gari, na uwe na maji ya kunywa ya kutosha ya watu wote, si ya mpiga picha tu.